Nani Aufunguaye Ukurasa?

Mkono uliobofya haumo kwenye filamu. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia vijana wanaokuja dukani kwangu Salgaa kujifunza kazi hii ya kutengeneza filamu za kufundishia, na wengi hawaamini mpaka niwafungulie programu wajionee. Ukiwasha kinasa na kuanza kuonyesha jinsi ritani ya ushuru inavyowasilishwa, programu haikufuati hatua kwa hatua. Inangoja. Ukibofya, inapiga picha ya skrini. Ukibofya tena, inapiga nyingine. Ukimaliza una rundo la picha zilizosimama, slaidi moja baada ya nyingine, na juu ya kila slaidi programu imeweka alama tu ya mahali kishale kilipokuwa. Mwendo wa kishale kutoka kitufe hiki hadi kile unachorwa baadaye. Programu inachukua nukta mbili, inapitisha mstari uliopinda kidogo ili upendeze macho, kisha inakipeleka kishale juu ya mstari huo kwa kasi uliyoichagua wewe. Mkono wako huenda ulisita, ukapotea, ukaenda kwanza kuokoa kikombe cha chai. Hayo yote hayamo.

Kazi hii ina ukoo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu maarufu ya namna hii iliitwa RoboDemo, ya kampuni ya eHelp. Macromedia iliinunua eHelp mwaka 2003, mwaka uliofuata ikaitoa programu ile kwa jina la Captivate, na mwaka 2005 Adobe ikainunua Macromedia yenyewe. Filamu hizo zilichezeshwa kwa Flash, mpaka Flash ikaachwa rasmi mwisho wa mwaka 2020, na wengi wetu tukawa tunatoa video za kawaida zinazopita kwenye WhatsApp. Siku hizi mtu anaweza kupanga picha zake ndani ya PowerPoint na kuzitia mwendo humo humo. Msingi haujabadilika: picha zisizotembea, na mtu anayeamua zitembee vipi.

Uamuzi huo ndio ulionikaa moyoni. Kwa wenzangu wengi ni suala la ufundi: kishale kiende haraka au polepole, maandishi yaingie kutoka kushoto au yajitokeze papo hapo, kitufe kizungushiwe duara jekundu au kikuzwe. Kwangu mimi limekuwa swali la dini. Nina haki gani ya kutia mwendo mahali ambapo mwendo haukuwapo, kisha nimwambie mtu, tazama, ndivyo ilivyo?

Lazima nieleze ninamwambia nani. Salgaa ni mji wa kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, katika kaunti ndogo ya Rongai, na umekua kwa sababu malori yanayotoka Mombasa kwenda Malaba, Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo yanahitaji mahali pa kulala. Jua likizama trela zinajipanga, moshi wa nyama unachanganyika na harufu ya dizeli, na madereva wanashuka wakinyoosha migongo. Mimi nilifika hapa nikiwa taniboi kutoka Changamwe, nikabaki. Mteja wangu ana usiku mmoja. Mwajiri amempigia simu kwamba leseni yake inakaribia kuisha, au anahitaji cheti cha ushuru, au ni mwishoni mwa Juni na ritani haijawasilishwa. Hana nafasi ya kuhudhuria darasa. Namfanyia kazi yake ya usiku huo, na kama anataka kujitegemea namtumia filamu ya dakika tatu kwa Kiswahili, aitazame Malaba akiwa kwenye foleni.

Kwa hiyo filamu inasema nikiwa sipo. Mwalimu aliye mbele yako unaweza kumkatiza, ukamwambia, ngoja, hapo umepitaje? Filamu haikatizwi. Inatoa ushahidi wake mara moja, kwa namna ile ile, kwa mtu aliye peke yake kwenye kibini cha lori. Na katika dini yangu ushahidi si jambo dogo. Ushahidi wa uongo umetajwa pamoja na madhambi makubwa kabisa.

Ule mstari wa kishale wenyewe hauninyimi usingizi. Hakuna anayeutazama akadhani anaona njia halisi ya mkono wangu, wala hakuna anayeuhitaji. Unampeleka macho pale panapotakiwa, basi. Kinachonitia hofu ni kile kinachotokea kishale kikishafika.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa habari ya pamba na moto. Pamba inakutana na moto, pamba inaungua. Wanafalsafa wanasema moto umeiunguza. Ghazali anawauliza: mmeona nini hasa? Mmeona kukutana, kisha mmeona kuungua. Kamba inayolifunga hili na lile hamkuiona. Kinachovileta pamoja ni kudura ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kimoja kifuatane na kingine, na akitaka huvitenganisha, kama alivyomwokoa Nabii Ibrahimu ndani ya moto. Kabla yake al-Baqillani, aliyefariki mwaka 1013, na wenzake wa madhehebu ya Ashari walikwisha kufundisha kwamba sifa za vitu hazidumu kwa nyakati mbili. Tunachokiita kuendelea kwa dunia ni kuumbwa kwake tena na tena, hali baada ya hali, bila kukatika. Nilisomeshwa hayo kwa ufupi chuoni nikiwa mtoto, yakanipita. Yalinirudia nimekaa mbele ya slaidi.

Kwa sababu filamu yangu ni ulimwengu wa Ghazali mtupu. Humo ndani kitufe hakifungui kitu. Kishale kinafika, duara linamulika, mlio mdogo unasikika, ukurasa mpya unatokea. Anayetazama anaona kitufe kimefungua ukurasa. Ukweli ni kwamba ukurasa umetokea kwa sababu niliuweka ukawa slaidi ya saba. Ningeweka picha ya twiga, kitufe kingemleta twiga, na hakuna chochote ndani ya filamu ambacho kingepinga.

Ghazali alijua pingamizi litakalofuata. Kama hakuna kamba, je, kitabu nilichokiacha nyumbani hakiwezi kuwa kimegeuka mnyama nikirudi? Alijibu kwamba Mwenyezi Mungu ametuumbia ujuzi kuwa hayo, ijapokuwa yanawezekana, hayatendeki, na ameipitisha desturi yake kwa utaratibu. Mkulima wa Rongai anapanda mahindi akitegemea desturi hiyo, na dereva anakanyaga breki akiitegemea. Imani yetu juu ya ulimwengu inasimama juu ya uaminifu wa yule anayeunganisha.

Ndipo ninapotetemeka. Simfananishi mja na Muumba, najikinga kwake na fikra hiyo. Nasema tu kwamba katika ule ulimwengu mdogo wa dakika tatu, anayeunganisha ni mimi, na mtazamaji ananiamini vile vile anavyoamini kwamba moto utaunguza: bila kufikiri, bila kudai ushahidi. Kila mwendo ninaoutia kati ya picha mbili ni kauli: ukifanya hivi, hufuata hivi. Ikiwa mfumo wenyewe una desturi nyingine, nimemjengea mtu ulimwengu ambao hautamtii atakapotia mkono wake.

Chukua ukurasa wa kuingia katika iTax, mfumo wa serikali wa ushuru. Ukishaweka pini yako na nywila, unaulizwa hesabu ndogo, kujumlisha au kutoa, na usipoijibu huingii. Hesabu hiyo hubadilika kila unapoufungua ukurasa. Dereva mmoja, mtu mzima aliyeendesha trela tangu mimi sijaijua barabara, alikuja na filamu aliyotumiwa na jamaa, iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana. Ilikuwa nzuri kwa macho. Kishale kiliteleza kama samaki, tarakimu za jibu zilijiandika moja moja kwenye kisanduku, ukurasa ukafunguka. Yeye aliandika jibu lile lile la kwenye filamu. Mfumo ukamkataa. Akarudia, ukamkataa tena. Akanigeukia akaniambia, "Mwalimu, nimeandika kama yule." Na kweli alikuwa ameandika kama yule, tarakimu kwa tarakimu. Filamu ilikuwa imemwonyesha jambo lililotokea mara moja, kwa mtu mmoja, ikalivika mwendo laini hivi kwamba likaonekana ndiyo sheria.

Picha iliyosimama isingemdanganya kwa kiasi hicho. Picha unaijua kuwa ni ya wakati fulani. Mwendo unaifuta alama hiyo ya wakati. Unaonekana unatokea sasa, mbele yako, na kinachotokea sasa mbele yako unakifuata. Tangu hapo kwenye filamu zangu slaidi ya hesabu haina mwendo wowote. Kishale nakiondoa kabisa, kisanduku nakiacha kitupu, sauti yangu inasema: hesabu yako si hii, soma iliyo kwenye skrini yako, chukua muda wako. Kijana mmoja ninayemfundisha aliona nimeivunja filamu katikati. Imevunjika kweli, na pale ndipo panapostahili kuvunjika, kwa sababu pale ndipo ushahidi wangu unapoishia na kazi ya mtazamaji inapoanza.

Jambo la pili ni kusubiri.

Mama mmoja anayeuza viazi kando ya barabara alikuja kuwasilisha ritani ya nil, yaani ya mtu asiye na mapato. Alikuwa ametazama filamu usiku wa kuamkia siku ile, akaitazama tena, na alitaka kubofya mwenyewe. Nikampisha kiti. Alikwenda vizuri: akachagua aina ya ritani, akaweka tarehe za mwaka, kwa kidole cha shahada akitafuta kila herufi. Akabofya kitufe cha kuwasilisha. Mtandao wetu jioni ile ulikuwa mzito, mawingu yameshuka kutoka Mau, na kile kiduara cha kungoja kikaanza kuzunguka. Akangoja kidogo. Akabofya tena. Kiduara kikaendelea kuzunguka. Akauondoa mkono wake kwenye kipanya polepole, akaupakata mapajani, akaufunika kwa leso, akasema, "Nimeiharibu, mwanangu."

"Hujaharibu kitu, mama. Inafanya kazi."

"Kwa yule haikufanya hivi."

Kwa yule haikufanya hivi kwa sababu aliyetengeneza filamu alikikata kile kiduara. Kila mtu hukikata. Programu zenyewe hurahisisha: picha hupigwa ukibofya, na kusubiri hakuna mbofyo, kwa hiyo kusubiri hakuachi picha. Usipofanya jitihada ya makusudi, filamu yako itaonyesha ulimwengu ambao kila kitufe kinajibiwa papo hapo. Mama yule alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ama filamu imesema uongo, ama mkono wake una kasoro. Alichagua mkono wake. Watu waliozoea kuambiwa kwamba hawakusoma huchagua hivyo siku zote, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii. Uongo wa filamu haukumpotezea pesa wala haukumharibia ritani. Ulimfanya ajishtaki kwa kosa ambalo hakulitenda.

Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono wake ndani ya lile fungu, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, akajibiwa kwamba mvua iliinyea. Mtume akamuuliza ni kwa nini hakuuweka ule unyevu juu, watu wauone, kisha akamkana yeyote anayeghushi. Nimeisikia hadithi hii misikitini tangu utotoni na siku zote ilisomwa kwa wafanyabiashara wa sokoni, juu ya mizani na magunia. Sasa naisoma kwa kazi yangu. Mtu yule hakuongeza mawe kwenye nafaka. Alipanga tu kilichokuwapo: kikavu juu, kibichi chini. Na mimi nikiongeza mwendo laini juu na kuficha kungoja chini, ni mpango ule ule. Kungoja kuwekwe juu, watu wakuone.

Naambiwa bando ni ghali na filamu ndefu haitazamwi. Hoja ya bando ina jibu la kiufundi: video huhifadhi hasa kile kinachobadilika kati ya picha na picha, kwa hiyo sekunde kumi za skrini iliyotulia, na kiduara kidogo kinachozunguka, hazili data nyingi. Kinachokula data ni zile mbwembwe, slaidi nzima kugeuka kama ukurasa wa kitabu, mandharinyuma kupepea. Hoja ya urefu ni nzito zaidi, na ninaikubali nusu. Siachi dakika nzima ya kungoja. Naacha sekunde chache, na kwenye skrini naandika wazi kwamba hapa nimefupisha, kwamba kwako inaweza kuchukua muda mrefu, usibofye tena. Muuza nafaka hakutakiwa kumwaga mali yake yote chini. Alitakiwa asifiche.

Madereva hunielewa haraka kuliko vijana wa kompyuta, na sababu ni barabara hii. Kutoka Mau Summit kuja huku, kupitia Sachangwan na Migaa, ni mteremko mrefu ambao Wakenya wanaujua kwa misiba. Tarehe 31 Januari 2009 watu zaidi ya 100 waliungua Sachangwan wakichota mafuta kwenye lori lililopinduka. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla hakujapambazuka, watu 36 walikufa Migaa basi lilipogongana na lori. Kila ajali ina sababu zake, na sitaki kuzirundika pamoja. Lakini kila dereva wa hapa anakijua kishawishi kimoja cha mteremko ule: kutoa gia, kuweka nyutro, na kuliacha lori lijiendee ili kuokoa mafuta. Ukisimama kando ya barabara huoni tofauti. Lori lililoshikwa na injini kwa gia ya chini na lori lililoachiliwa yote mawili yanashuka, na lile lililoachiliwa ndilo linaloshuka kwa ulaini zaidi, bila kelele. Tofauti utaijua wakati wa kulisimamisha. Nikamwambia dereva yule wa hesabu kwamba kishale alichokiona kiliwekwa nyutro: kilikuwa kinatembea bila kushikwa na kitu chochote cha kweli. Alitikisa kichwa kwa muda, akasema sasa ameelewa kwa nini kilikuwa kizuri namna ile.

Kuna suala jingine ambalo Waislamu wa kazi hii hukutana nalo, nami nitalipitia upesi. Programu hizi huja na watu wa kubandika: mwanamke wa suti, fundi wa kofia, daktari, wamepigwa picha wakinyoosha vidole pande zote, na wengine wa katuni wanaopepesa macho na kusogeza midomo. Hadithi juu ya watengenezaji wa sura zenye roho zinajulikana, kwamba Siku ya Kiyama wataambiwa wazitie uhai walizoziumba. Katika Bukhari imo pia habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas akisema riziki yake inatokana na kutengeneza sura. Ibn Abbas alimwonya, na alipomwona amefadhaika akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Ustadhi anayetuswalisha hapa, kwenye msikiti mdogo unaotegemewa na madereva, alinieleza hitilafu za wanazuoni juu ya picha za kamera na katuni za kufundishia, kisha akaniachia mwenyewe. Nina furaha aliniachia. Kishale na duara jekundu havina roho, na kwa hivyo nafuata mlango ule ule wa Ibn Abbas. Yule mtu wa katuni simtumii, na nina sababu yangu nyingine pia. Uso unaotabasamu unaahidi kwamba kuna mtu pale anayekuona. Dereva aliyekwama saa nane za usiku asitazamwe na macho ambayo hayamwoni. Naweka namba yangu ya simu mwisho wa filamu.

Mtu asinielewe vibaya nikadhaniwa napinga chombo kipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akafundisha kwa karatasi zilizofika mahali ambapo sauti yake isingefika. Filamu ya slaidi kwangu ni karatasi hizo. Ninataka zisambae.

Hata hivyo lipo jibu la Ibn Rushd, na siwezi kulikwepa. Mwanazuoni huyu wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1198, aliandika Tahafut al-Tahafut kumjibu Ghazali, akasema kwamba anayekanusha sababu za vitu amekanusha akili yenyewe, kwa maana akili si kitu kingine ila kuvijua vitu pamoja na sababu zake. Katika itikadi mimi nabaki upande wa Ghazali. Katika ualimu, Ibn Rushd amenishinda. Filamu inayoonyesha tu kwamba hiki hufuata kile, hata ikionyesha kwa uaminifu, na kungoja kukiwa juu, inamfanya mtu awe mfuataji wa mpangilio. Siku vitufe vikihamishwa, kama vinavyohamishwa mara kwa mara, hana kitu mkononi. Anajua kilichofuata, hajui kwa nini.

Kwa ajili hiyo nimeanza kuweka, kabla ya kila mbofyo mzito, slaidi moja isiyotembea yenye maneno mawili matatu ya sababu. Kabla ya ritani ya nil kupokelewa, mfumo hukuuliza kama una hakika. Karibu filamu zote hukipitisha kishale juu ya swali hilo kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu linaonekana ni la adabu tu. Mimi nasimamisha hapo na kueleza unachokubali: unaiambia serikali kwamba mwaka mzima hukupata mapato ya kutolewa hesabu. Ni kauli yako, kwa jina lako na pini yako.

Kijana wangu alisema watu wataruka slaidi hiyo, na bila shaka wapo wanaoruka. Dereva mmoja hakuiruka. Alinipigia simu kutoka Busia, lori likiwa limezimwa, akanisomea maneno yale polepole kama anayesoma barua ya mtu mwingine, kisha akauliza, "Sasa mimi ninayekatwa ushuru kwenye mshahara kila mwezi, nikibofya hapa nitakuwa nimesema nini?" Nikamwambia atakuwa amesema jambo ambalo si kweli, kwamba mtu aliyeajiriwa na kukatwa ushuru anatakiwa kuomba fomu ya P9 kwa mwajiri wake na kuijaza ritani kwa hesabu zilizomo, hata kama mwishowe hadaiwi kitu. Akanyamaza, akasema miaka yote amekuwa akifanyiwa nil kwenye saiba mbalimbali, akilipia, na hakuna aliyemuuliza kama ameajiriwa. Alitaka nimtumie filamu ya njia hiyo nyingine. Ni ndefu kuliko ya kwanza, kuna sehemu nyingi za kujaza tarakimu ambazo kila mtu ana zake, na nyingi nimeziacha tupu, bila kishale, ili asiandike za kwangu. Bado sijamaliza kuamua sehemu ya makato ya bima iende kwa kasi gani.